Tambi Zilitoka Mbali, Mchuzi Tunao: Historia ya Sahani ya Tambi na Nyama

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa Songwa na vijiji jirani, leo tunawapumzisha viwavijeshi na chanjo ya kideri. Kuna swali nimeulizwa mara tatu mfululizo: kwanza na mama lishe, halafu na kijana wa duka, mwisho na mzee mmoja mfugaji. "Bwana shamba, hizi tambi ndefu zinatengenezwa na nini, na ngano yake hatuwezi kulima hapa?"

Jibu fupi ni kwamba zinatengenezwa kwa unga wa ngano na maji, na ngano hiyo usihangaike nayo hapa kwetu. Jibu refu ni historia, na nimeona niiandike kwa sababu ndani yake mna hela. Kila mahali tambi zilipofika, watu walizinunua au waliletewa, ila mchuzi waliutengeneza kwa kile walichokuwa nacho. Sisi wa Shinyanga tuna nyama, vitunguu, karanga, mafuta ya pamba na, msimu ukifika, nyanya hadi zinaoza. Kwa hiyo tusiitazame sahani hii kama chakula cha wageni.

Tuanze na jina. Tambi ni wingi wa utambi, ule uzi wa kwenye koroboi. Watu wa pwani waliona vile vijiti vyembamba vya unga vinafanana na tambi za taa, jina likashika. Na kwa muda mrefu tambi za pwani zilikuwa chakula kitamu: zinakaangwa kidogo kwa mafuta au samli, zinapikwa kwa sukari, iliki na pengine nazi na zabibu, zinaliwa sana wakati wa Ramadhani na Sikukuu. Mpaka leo ukienda Unguja au Tanga ukaomba tambi, uulize kwanza kama ni za sukari. Zile ndefu za mchuzi wa nyama zina njia yake nyingine.

Wengi wameambiwa kwamba Marco Polo ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka China. Tarehe zinakataa. Marco Polo alirudi nyumbani mwaka 1295. Mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba katika kijiji cha Trabia, kisiwani Sicily, watu walitengeneza tambi nyingi kiasi cha kuzipakia melini na kuziuza nchi za Waislamu na za Wakristo. Yaani karibu miaka 140 kabla. Siri ya biashara ile ilikuwa ukavu: tambi iliyokaushwa vizuri haiozi safarini. Sisi tunaokausha viazi vitamu kuwa michembe tunaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Hata hivyo China nayo ina historia yake. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba katika eneo la Lajia walikuta bakuli lenye mabaki ya tambi za miaka kama 4,000, na wakasema zilitengenezwa kwa nafaka ndogo za jamii ya uwele, wala si ngano. Wataalamu wengine walibisha, wakisema unga wa nafaka hizo hauvutiki vya kutosha kutoa uzi mrefu. Aliyewahi kujaribu kutengeneza chapati kwa unga wa mtama mtupu anajua wabishi walikuwa na hoja. Ngano ina ule unyumbufu unaoshika unga pamoja, mtama hauna. Na tambi zinazosifiwa zaidi hutokana na ngano ngumu, aina ya durumu, ambayo husagwa ikawa chenga chenga za rangi ya njano. Ndiyo maana pakiti moja dukani huiva ikabaki imara na nyingine hugeuka uji ukipitiliza dakika mbili: hii ya pili mara nyingi ni ya ngano ya kawaida, ya mkate.

Sasa mchuzi. Nyanya haikuwepo Ulaya wala Afrika kabla ya meli za Wahispania na Wareno kwenda Amerika. Waitaliano walikula tambi zao karne nyingi na jibini, siagi, hata sukari na mdalasini. Mchuzi wa nyanya unaonekana katika kitabu cha mapishi cha Antonio Latini, kilichochapishwa Napoli miaka ya 1690, na hata hapo ulikuwa wa kulia vitoweo vingine. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi alichapisha kitabu kikubwa cha mapishi ya Kiitaliano, na humo tambi za mchuzi wa nyama wa Bologna hazina nyanya kabisa: humo mna nyama ya ndama, kitunguu, karoti, siagi, supu na vinginevyo. Mwaka 1982 wapenzi wa mapishi wenye chama chao walikwenda kuandikisha mapishi "rasmi" ya mchuzi huo kwenye chemba ya biashara ya Bologna, safari hii nyanya imo. Kwa hiyo mtu akikuambia unapika tambi vibaya kwa kuwa umeweka bizari, mwulize anazungumzia mapishi ya mwaka gani.

Na ile sufuria iliyojaa nyama, ambayo leo inaonekana kwenye picha kila mahali, ilikua zaidi Marekani kuliko Italia. Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitaliano kama milioni nne walihamia huko, wengi wao wakulima maskini wa kusini ambao nyumbani nyama waliiona sikukuu. Marekani nyama ilikuwa rahisi kwa kipato chao kipya, wakaizidisha kwenye mchuzi.

Afrika Mashariki mlango wa tambi za nyama ni Benadir, yaani Mogadishu, Marka na Barawa. Miji hii haikuwa migeni kwa Waswahili; Barawa wapo wenyeji wanaosema Chimwiini, ambayo ni ndugu wa Kiswahili chetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Sinia, wanga chini, mchuzi juu, ndizi pembeni. Likumbuke hilo sinia.

Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar, ambaye tayari alikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, aliikodisha Italia bandari hizo. Mwaka 1905 zikauzwa kabisa. Waitaliano walileta tambi zao, na Wasomali wakaziweka pale pale palipokuwa na wali. Neno pasta likawa baasto, neno sugo likawa suugo. Mchuzi ukatiwa bizari nyembamba, giligilani, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, nyama ikakatwa vipande vidogo, na ndizi mbivu ikabaki pembeni ya sahani kama siku zote. Ndizi zenyewe zililimwa kwenye mashamba makubwa ya Waitaliano kando ya mito Shabelle na Juba, na kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba yale iliwaangukia zaidi watu ambao mababu zao waliuzwa utumwani. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua waliotoka upande wetu wa Tanga. Baadhi ya vizazi vyao walirudi baada ya vita vya Somalia vya 1991, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania.

Vita Kuu ya Pili ilileta Waitaliano wengine, hawa wakiwa mateka. Jeshi lao la Ethiopia lilishindwa na Waingereza mwaka 1941, na maelfu wakafungwa katika kambi za Kenya. Kile kikanisa kidogo cha mawe kwenye mteremko wa barabara ya Mai Mahiu walikijenga wao mwaka 1942.

Lakini kabla ya tambi, Waitaliano waliwahi kutuletea kitu kingine, na wafugaji nawaomba mkae vizuri hapa. Maelezo yanayokubaliwa na wanahistoria wengi ni kwamba sotoka iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 kupitia bandari ya Massawa, Eritrea, na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi la Italia. Ethiopia ikapata njaa ya kutisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa ulishafika kwa Wamasai na kanda yetu ya ziwa, na mwaka 1896 ulikuwa umevuka Zambezi. Sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa, na nyati nao wakafa porini. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni benki, ni samadi, ni heshima ya kaya. Fikiria zizi la ng'ombe mia linabaki na kumi ndani ya mwezi mmoja.

Madhara hayakuishia zizini. Mifugo ilipopungua na watu wakahama, nyanda zilizokuwa zikilishwa zilirudi kuwa vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o, au ndorobo kama wengi tunavyowaita. Ndiyo sababu serikali ya kikoloni iliweka kituo cha utafiti wa mbung'o hapa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu waliitwa kupitia kwa watemi wao kufyeka vichaka. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapata mashamba. Miti ndiyo iliyolipa: baada ya miongo kadhaa ya kufyeka, kulima na kulisha, Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na dawa iliyofanya kazi zaidi ilikuwa ya wazee wetu wenyewe, ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Sotoka yenyewe iliuawa kwa chanjo. Ile bora zaidi ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake karibu na mwaka 1960. Mwaka 2011 dunia ilitangaza ugonjwa umekwisha. Hadi leo ni ugonjwa pekee wa mifugo uliotokomezwa duniani kote. Nikija na sindano ya chanjo na mtu akaanza kuficha ndama, huwa namsimulia habari hii.

Kwa hiyo ile nusu kilo ya nyama unayopimiwa buchani ina miaka zaidi ya 130 ya kuponea chupuchupu nyuma yake. Ngitili ikiwa nzuri, ng'ombe anafika kiangazi na nyama mwilini; ngitili ikifanywa shamba, unauza mifupa.

Nirudi kwenye ngano, maana mzee yule hakuridhika na "hapana" yangu. Ngano hutaka ubaridi wakati wa kukua. Hapa Tanzania inastawi Karatu, Monduli, Kilimanjaro Magharibi, Hanang na nyanda za juu kusini. Sisi tuna mvua za kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, zinakuja kwa kigeugeu, na joto juu yake. Serikali iliwahi kujaribu kwa nguvu kuliko mkulima yeyote: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada lilifungua mashamba saba makubwa Basotu, Hanang, karibu ekari 100,000 kwa jumla. (Kanada tena, hata John Williamson aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 alikuwa Mkanada.) Matrekta yalikuja, ngano ikavunwa kweli. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, pamoja na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani. Na pamoja na yote hayo nchi bado inaagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Kwa hali hiyo tambi utanunua. Nunua kwa akili, halafu nguvu zako ziweke kwenye mchuzi.

Mchuzi wenyewe, kwa kaya ya watu sita: tambi pakiti moja ya gramu 500, nyama ya ng'ombe nusu kilo, nyanya zilizoiva kilo moja, vitunguu maji vitatu, karoti mbili, hoho moja, punje nne za kitunguu saumu, mafuta ya pamba au alizeti vijiko vinne vya chakula, chumvi, bizari nyembamba kijiko kidogo, pilipili manga na mdalasini kidogo sana.

Vitabu vinasema nyama ya kusaga. Kijijini mashine hiyo haipo, na ng'ombe wetu wa asili aliyetembea kutafuta maji ana nyama ngumu. Ikatekate kwa kisu kikali iwe vipande vidogo kama punje za mahindi, uichemshe kwanza na chumvi kidogo mpaka ilainike. Saa moja si nyingi kwa ng'ombe mzee. Supu usimwage. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, weka saumu, kisha nyama iliyochujwa, igeuze mpaka ianze kushika rangi. Ndipo viungo, karoti iliyokunwa, hoho, na nyanya mwisho. Hapo wengi hukosea kwa haraka: nyanya zikipikwa dakika kumi zinabaki na ukali na maji maji. Ziache moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu, ndipo urudishe supu na uache uchemke taratibu nusu saa nyingine. Ukipenda, koroga vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Mchuzi unashika tambi vizuri zaidi, na nyama unaweza kuipunguza hadi robo kilo bila watoto kulalamika.

Tambi zenyewe vitabu vinadai lita moja ya maji kwa kila gramu 100. Anayenunua maji kwa dumu hawezi kufuata hilo, na hakuna haja. Lita mbili na nusu zinatosha pakiti ya gramu 500 kama utakoroga dakika mbili za mwanzo zisishikane. Maji yachemke kwanza, chumvi kijiko kimoja cha chakula, ndipo tambi ziingie bila kuvunjwa. Zitalainika na kuzama zenyewe. Kuokoa mkaa, zichemshe dakika mbili, funika sufuria sawasawa, ipua, ziache ziivie kwenye joto lake. Anza kuonja baada ya dakika nane. Bakuli moja la maji yale mazito ongeza kwenye mchuzi.

Kwa wenye maduka: tambi hunyonya harufu. Usizipange karibu na sabuni wala mafuta ya taa. Ziweke juu ya kichanja, mbali na ukuta unaopata unyevu, na uangalie fukusi pamoja na tarehe ya mwisho kabla ya kulipia katoni nzima.

Kwa mama lishe, hesabu sahani kwa mchuzi. Tambi ni zile zile kwa kila mwenye kibanda kuanzia Mwadui mpaka Katoro na Geita, mteja anarudi kwa ajili ya mchuzi.

Na kwa wakulima wa bustani za mabwawani, kuna jambo linaloniuma. Kila mwaka kuna wiki ambazo tenga la nyanya haliuziki hata kwa bei ya usafiri, na wiki hizo hizo dukani tunanunua nyanya za paketi zilizotengenezwa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Tunajua kukausha. Chagua nyanya zilizoiva, zilizo ngumu, zenye nyama nyingi na maji machache. Osha, kata katikati au robo, toa mbegu, nyunyiza chumvi kidogo, panga kwenye kichanja chenye wavu, upande uliokatwa uangalie juu, funika kwa chandarua safi kuzuia nzi. Jioni ingiza ndani, umande usizirudishie maji. Kwa jua letu la Julai na Agosti siku nne hadi saba zinatosha. Zikiwa tayari zinakunjika kama ngozi na hazitoi maji ukizibana. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Siku ya kupika, loweka mkono mmoja wa nyanya kavu kwenye supu ya moto kwa nusu saa, ponda kwenye kinu, uzitie mahali pa zile za paketi.